Kabati la mninga linaota koga kila masika: kosa ni la vanishi, ukuta au hewa?

Mkaa_Pwani

Habari zenu wakuu. Niko Unguja, nyumba ya matofali ya saruji, chumba cha chini, bahari iko karibu. Chumbani mna kabati la milango mitatu la mninga, mgongo wake plaiwudi ya milimita 3; kitanda cha mkangazi; na meza ya kujipambia yenye kioo, ya MDF (ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa) iliyopakwa rangi.

Kila masika ni yale yale. Ndani ya kabati panaota koga ya kijivu, hasa mgongoni na chini ya rafu, na nguo zinanuka uvundo. Droo zinakaza hadi Juni. Miguu ya kitanda inaanza kuwa myeusi kwa chini, na meza ya MDF imevimba kwenye ukingo unaogusa sakafu. Mbele na pembeni kabati lina vanishi nzuri tu, inang'aa. Fundi aliyeliangalia anasema nipige vanishi upya nje. Kabla sijatoa hela nataka kujua kama ndiyo dawa yenyewe. Tuna AC, huwashwa usiku tu.

Randa

Usipige vanishi sasa. Vanishi juu ya mbao yenye maji itatoa malengelenge ndani ya miezi michache, na koga iliyo ndani haitaiona hata.

Mbao hunywa na kutoa maji ya hewani mpaka ilingane na hewa ya mahali ilipo. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huipeleka mbao kwenye asilimia 16 hivi ya maji kwa uzito wake. Ikishuka hadi 65, mbao inatua kwenye 12. Vanishi haizuii hilo, inalichelewesha tu. Kwa mvua za wiki moja ucheleweshaji unakuokoa. Kwa masika ya miezi mitatu, maji yanafika.

Koga nayo haili mbao. Inakula vumbi, mafuta ya mikono na uchafu ulioganda juu, na inachohitaji ni hewa iliyotulia yenye unyevu wa kuanzia 75–80 kwa siku kadhaa mfululizo. Ndani ya kabati lililofungwa ndiko kwao.

Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanatoka wapi: hewani, ukutani, au kwenye ndoo ya kudekia. Fanya vipimo viwili.

Cha kwanza, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Vingi huja vikidanganya, kwa hiyo kisahihishe kwa chumvi: jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, tonesha maji hadi iwe kama uji mzito (isiyeyuke yote), kiweke pamoja na kipima ndani ya kopo linalofunga vizuri, uache saa 12. Hewa ya humo lazima iwe 75. Kikisoma 79, basi kila usomaji wako utoe 4. Kisha pima chumbani asubuhi na alasiri, halafu ndani ya kabati likiwa limefungwa.

Cha pili, sogeza kabati. Kata nailoni nzito ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwenye ukuta wa nyuma ya kabati kwa selotepu pande zote nne, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta ndio unaotoa maji. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa inayotona kwenye ukuta wa baridi. Bandika nyingine kwenye ukuta wa ndani ulio mkavu ili ulinganishe.

Zuhura_Z

Kwa nguo tumia makaa kwenye vikapu na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Ukifukiza udi kabatini mara mbili kwa wiki uvundo unakwisha.

Randa

Dada Zuhura, udi unafunika harufu, haukaushi kitu. Makaa ya kupikia yanavuta harufu pia, ila maji yanayobeba ni kidogo. Silika ni ya kweli, lakini fanya hesabu: kwenye hewa nzito kama yetu hubeba kama theluthi ya uzito wake, haifiki hata nusu. Kipakiti cha gramu 5 kinabeba gramu 2 za maji kikajaa. Kabati la mbao halizibi, hewa mpya inapenya kila siku, kwa hiyo hata nusu kilo itajaa upesi na kugeuka changarawe tu. Ifanyie kazi kwenye sanduku la plastiki lenye mpira, la nyaraka au kamera, na uwe unaikausha kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 au 3.

Vile vikopo vya chembe nyeupe zinazogeuka maji (ni kloridi ya kalsiamu) vinavuta zaidi, lakini maji yake ni chumvi kali. Kikimwagika kwenye rafu, hapo hapakauki tena, na bawaba zinaoza kwa kutu.

Mkaa_Pwani

Nimerudi na vipimo. Kwenye chumvi kilisoma 79, kwa hiyo nimeshatoa 4 kwenye hizi.

Chumbani saa 12 asubuhi: 81. Saa 9 alasiri: 70. Ndani ya kabati: 84 hadi 86, asubuhi na alasiri hakuna tofauti kubwa.

Nailoni ya nyuma ya kabati imejaa matone kwa ukutani. Ya ukuta mwingine kavu kabisa. Na sikusema mwanzo: nyuma ya ukuta huo ni bafu. Rangi ya hapo imetoa unga mweupe kama sukari, karibu na sakafu hadi usawa wa goti.

Chokaa_na_Saruji

Basi umeshajijibu. Kabati lako limeegemea ukuta uliolowa, na mgongo wa milimita 3 usiopakwa kitu unavuta kila kinachotoka hapo. Ndiyo maana chumba kinashuka hadi 70 mchana na kabati linabaki 85.

Unga mweupe ni chumvi. Maji yanapopanda ndani ya ukuta huibeba, yakikauka usoni huiacha. Pwani inazidi kwa sababu ya mchanga wa bahari uliotumika zamani kwenye plasta nyingi. Ubaya wa chumvi ni kwamba hata ukiziba mvujo, inaendelea kuvuta maji ya hewani hewa ikizidi 75. Hivyo ukuta "unalia" siku za mvua wakati hakuna bomba lililopasuka.

Anza na bomba. Usiku funga mabomba yote, hakikisha na tangi la choo limeshajaa, soma mita ya maji, isome tena alfajiri kabla mtu hajaamka. Namba ikisogea, kuna mvujo. Isiposogea, angalia mabomba ya kutolea maji machafu, ambayo mita haiyaoni, na groti (saruji inayoziba mianya ya vigae) chini ya bomba la mvua. Groti iliyotoboka sehemu tatu nne inatosha kulowesha ukuta mzima wa inchi 6.

Ukishatengeneza, banja plasta yenye chumvi hadi nusu mita juu ya pale alama inapoishia, piga brashi kavu, zoa unga wote utupe nje. Usiuoshe, maji yanaurudisha ndani. Acha tofali wazi likauke. Mafundi huhesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo usitegemee wiki mbili. Na usikubali mtu akupake rangi ya kuzuia maji kwa ndani: maji hayatoki, yanapanda juu zaidi, rangi inabanduka kama ganda la yai. Mwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, za Mji Mkongwe, ndiyo kabisa asiguse plasta ya saruji. Chokaa inapumua, saruji inafungia maji ndani.

Kabati lihamie ukuta mwingine, leo. Kama hakuna nafasi, liache sentimita 10 kutoka ukutani, si 2.

Randa

Nyongeza kwenye hilo la sentimita 10: pengo lisilo na hewa chini halifanyi kazi. Kama kitako cha kabati kimegusa sakafu, linyanyue kwa vipande vya plastiki ngumu au mpira vya sentimita 5, hewa iingie chini na kutokea juu.

Sasa kabati lenyewe, kwa mpangilio huu.

Toa kila kitu. Vaa barakoa, fungua madirisha. Usifute koga ikiwa kavu, utairusha chumba kizima. Tumia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kilichokamuliwa sana, ukikisuuza kila mara. Kisha pitisha siki nyeupe bila kuichanganya, acha saa moja, futa kwa kitambaa cha maji safi, washa feni ielekee ndani siku nzima milango ikiwa wazi. Jiki kwenye mbao usitumie: inaipausha na maji yake yanazama wakati dawa inabaki juu. Na jiki na siki visikutane kamwe, vinatoa gesi ya klorini.

Mgongo wa plaiwudi, kama tabaka zimeanza kuachana ukiubonyeza, utupe. Weka wa milimita 6, na kabla ya kuupigilia upakwe pande zote mbili na kingo zote. Toboa matundu mawili ya sentimita 5 karibu na chini na mawili karibu na juu, uyafunike kwa wavu wa mbu wa alumini.

Upakaji usubiri kiangazi cha kaskazi, Desemba hadi Februari, mbao ikiwa imetoa maji. Na hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wako: nje kuna vanishi tayari, kunakokosekana ni ndani, mgongoni, chini ya kitako na juu kusikoonekana. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa upande mmoja, upande huo ukatanuka, ubao ukapinda. Milango mingi isiyofungika vizuri imetokana na uchoyo huo wa nusu lita.

Ndani usitumie vanishi ya mafuta. Harufu yake hukaa miezi kwenye kabati lililofungwa na nguo zinaibeba. Tumia shelaki, ile polishi ya spiriti: gramu 240 za magamba kwa lita 1 ya spiriti, iache usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Kwa mvuke wa hewani shelaki inazuia kuliko vanishi nyingi. Inachoogopa ni maji yaliyomwagika, joto na spiriti. Mikono (mipako) mitatu, saa 2 katikati, msasa namba 320 mwepesi kati ya mkono na mkono. Spiriti iliyokaa wazi au iliyochakachuliwa na maji itakuachia ukungu mweupe.

Mgongoni na chini paka poliuretani ya mafuta (aina ya vanishi ngumu), msasa 120 kisha 180, mkono wa kwanza uichanganye na thina yake kwa robo, miwili inayofuata bila kuchanganya, saa 24 au zaidi kila mmoja. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo pima eneo lako, zidisha kwa tatu, ndipo uende dukani.

Fundi akipendekeza kupuliza kwa mashine, asipulize siku ya mvua. Thina inaruka haraka, uso wa mbao unapoa, umande unatua kwenye vanishi ambayo bado mbichi na inageuka nyeupe kama maziwa.

Fundi_Baridi

Nataka kuongezea kuhusu AC, maana "huwashwa usiku tu" ni nusu ya tatizo.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 80 inatona ikikutana na kitu chochote cha chini ya nyuzi 26 hivi. Ukilala na AC ya 22, asubuhi kabati, kitanda na kioo vyote viko 22 au 23. Ukizima na kufungua madirisha papo hapo, hewa ya nje inakuja kutua juu yake kama kwenye bilauri ya maji baridi. Huioni kwa sababu mbao inainywa.

Weka 26 badala ya 22. Asubuhi zima, acha madirisha yamefungwa na pangaboi likizunguka kwa saa moja au mbili, chumba kipate joto, ndipo ufungue. Kufungua kunafaa kuanzia saa 5 hadi saa 10 jioni, siku isiyo na mvua. Jua likianza kuzama funga, hewa ya usiku ndiyo nzito zaidi.

Ile alama ya tone kwenye rimoti inakausha zaidi ya kupoza, ni nzuri kwa masika. AC kubwa kuliko chumba ina kasoro yake: inapoza haraka, inazima kabla haijatoa maji ya kutosha, unabaki na chumba baridi chenye unyevu. Mashine ya kukausha hewa ni bora kuliko AC kwa kazi hii, ila lita zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa 80. Ukifika 60 itatoa pungufu sana ya hapo, na inapasha chumba joto. Iweke 60, funga madirisha. Usiishushe hadi 45: mbao iliyozoea Unguja itapasuka.

Kwa kabati peke yake kuna njia ya zamani ya kulipasha joto kidogo. Hewa ya nyuzi 28 na unyevu wa 80 ukiipandisha hadi 31, unyevu unashuka hadi kama 67 bila kutoa tone la maji. Kijiti cha joto (hita ndogo ya umeme) cha wati 15 hivi, kilichofungwa chini, kinatosha. Taa za LED hazitoi joto la kutosha, na balbu ya kizamani karibu na nguo ni moto unaosubiri. Kama huna kijiti chenye ganda la chuma, acha.

Mkaa_Pwani

Mita ilisogea usiku. Fundi bomba anakuja Jumamosi. Asanteni sana.

Mnisaidie matatu yaliyobaki: droo zinazokaza, nizirande? Miguu ya kitanda? Na ile MDF inaweza kurudi kama zamani?

Randa

Droo: usirande sasa. Uso wa droo wa milimita 200, mbao ya kawaida ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 16 ya maji, unaongezeka kama milimita 2. Mninga huongezeka pungufu ya hapo, ni mti mtulivu. Ukiirandia masika, kiangazi utakuwa na upenyo wa kupitisha kidole. Itoe kwa subira, ikae siku chache karibu na feni, kisha sugua mshumaa mkavu kwenye njia zake na kwenye kingo za chini. Mshumaa, si sabuni. Sabuni inavuta maji. Ikiwa hata Januari bado inakwama, hapo ndipo randa ina haki yake, na sehemu uliyoranda uipake siku hiyo hiyo.

Miguu: huo ni mdeki. Mbao hunywa kwa ncha iliyokatwa na msumeno mara nyingi zaidi kuliko kwa ubavu, na mguu wa kitanda umesimama kwa ncha hiyo kwenye maji kila siku ya usafi. Laza kitanda ubavu, acha ncha zikauke wiki mbili kwenye feni. Choma choma kwa bisibisi: ikizama kirahisi, mbao imeoza, kata hadi penye uzima uunge. Ikiwa ngumu, paka poliuretani iliyochanganywa nusu kwa nusu na thina, rudia mara mbili tatu mpaka ikatae kunywa, kisha mikono miwili mizito. Epoksi ni bora zaidi ukiipata. Malizia kwa viatu vya mpira vya milimita 10, lakini vya chini tu. Vile vya kuvalisha mguu kama soksi vinahifadhi maji ya mdeki ndani.

Angalia pia kama weusi uko kote au umezunguka skrubu. Ukizunguka skrubu si koga, ni chuma kikikutana na tanini (asidi ya asili) ya mbao penye unyevu. Badilisha skrubu ziwe za shaba au stenlesi.

Chokaa_na_Saruji

MDF hairudi. Ni nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi na joto. Maji yakiingia zinalegea, na zikikauka zinabaki zilivyovimba. Ukipiga msasa uvimbe bila kuziba, unafungua mlango mpana zaidi.

Kata sehemu iliyovimba, yaani sentimita 3 au 5 za chini, kwa msumeno wa meno madogo. Ukingo mpya uupake gundi nyeupe ya mbao iliyolainishwa na maji kidogo, ikauke, msasa 180, rudia, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Funga miguu ya plastiki ya sentimita 10 ili meza isiguse sakafu tena. Ukinunua nyingine, uliza ile ya kustahimili unyevu. Mara nyingi imetiwa rangi ya kijani ndani, lakini kijani ni rangi tu, kingo zake nazo zinahitaji kuzibwa.

Zuhura_Z

Na mafuta ya kitani je? Wapo wanaopaka ndani ya kabati.

Randa

Mabichi yanachukua wiki kadhaa kukauka na koga inayapenda, ni chakula chake. Nje kwenye meza ya sebule, sawa. Ndani ya kabati la pwani, hapana. Na matambara yaliyolowa mafuta hayo msiyakunje mkayatupa ndoo ya taka: yanapata joto yenyewe hadi kuwaka. Yatandazwe nje, moja moja, yakauke, au yazamishwe kwenye maji.

Mkaa_Pwani, fundi bomba akishamaliza, bandika nailoni mpya ukutani kila mwezi. Kabati lisirudi pale mpaka ipite siku mbili bila tone.